Kalibu

"Kalibu" ni neno lenye asili ya Kiarabu, wala halina undugu na "karibu", ingawa wanaochanganya l na r huyafanya mapacha. Maana yake ni chombo cha kutilia kitu kilichoyeyushwa, kama shaba au dhahabu, ili kipate umbo. Siku hizi neno hilo lingefaa sana katika maabara za kupima vipodozi. Ili kupima haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi inayopatikana katika baadhi ya mikorogo, kwanza kemikali yenyewe huchanganywa na malighafi ya polima. Malighafi hiyo ikishagandamana, molekuli za haidrokwinoni huoshwa zikatoka. Hubaki vishimo vyenye umbo lake, pamoja na sehemu za kuinasia. Krimu iliyoyeyushwa ikipitishwa hapo, haidrokwinoni hunasa, viambato vingine vingi hupita, kisha kiasi kilichonaswa hupimwa. Günter Wulff wa Ujerumani alieleza polima za namna hii mwaka 1972. Kuziita "polima za chapa" kungepotosha: chapa hukaa juu tu, ilhali kalibu hushika umbo zima. Jina linalozistahili ni "polima za kalibu".