Bukavu: uzuri wa mlima na udongo wake



Mwenye kurudia Bukavu kisha miaka mingi, kitu ya kwanza anatafuta kwa macho ni ziwa. Peninsula za mji zinaingia katika Kivu kama vidole vya mkono. Hewa ni ya baridi kidogo, juu tuko karibu metre 1.500, na maji hayana mamba.

Uzuri huo ndio ulivuta Wabelgiji. Mji waliuita Costermansville, jina la mkubwa wao mmoja, hadi miaka ya 1950. Walijenga majumba na bustani fasi nzuri kando ya maji, Ibanda na Muhumba. Wazee wetu waliobeba mawe yale walipangiwa kulala Kadutu, juu kwenye kilima. Ziwa waliliona, lakini kwa mbali.

Kisha vita vya tangu 1996 vilijaza mji watu waliokimbia vijiji vyao. Nafasi ikakosekana, miti ikakatwa, nyumba zikapanda fasi zenye mteremko mkali. Leo mvua kubwa ikinyesha, udongo unashuka pamoja na nyumba na watoto.

Ndiyo maana tunaomba wanaorudi: musinunue parseli juu ya kuona ziwa tu. Muulize kwanza maji ya mvua yanapita wapi, na mutuite tuitazame pamoja. Nanyi wafadhili, miche ya miti na mifereji ni msaada sawa na mabati. Wale walikuja kupumzika. Sisi tumerudi kukaa.