Wakitoa Kipande cha Pafu, Kinachobaki Hufanya Nini?

Niko na binamu wa miaka tisa. Akiwa mchanga alipasuliwa kifua, wakatoa kipande cha pafu kilichokuwa na kasoro tangu tumboni. Juzi mwalimu wa michezo amemtoa uwanjani, eti "huyu ni wa nusu pafu." Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya daktari. Lakini hiyo kitu iliniuma, nikakaa chini nikasoma.

Tuanzie Boston, Marekani. Mwaka 1938 Robert Gross, daktari wa miaka 33, alifungua kifua cha msichana wa miaka saba na kufunga mshipa ulio karibu na moyo. Mkubwa wake alikuwa safarini, hebu fikiria! Msichana akapona. Baada ya hapo kifua cha mtoto hakikuwa tena mahali pa kuogopwa, na Gross akaingia kwa mapafu. Mwaka 1946 alichapisha habari ya mtoto wa wiki tatu aliyetolewa pafu zima lililojaa vifuko, akaishi. Wiki tatu, wasee.

Enzi hizo kufaulu kulimaanisha mtoto ametoka mezani akipumua. Swali la atapumua vipi akifika kumi, ama ishirini, lilibaki kando. Na si uzembe tu. Spiromita ilikuwako tangu 1846, kazi ya John Hutchinson wa London, lakini lazima uvute pumzi mpaka mwisho kisha uipulize kwa nguvu zote. Jaribu kumwambia mtoto wa miaka miwili afanye hivyo! Ilibidi watoto wakue kwanza.

Ndiyo maana utafiti ninaoupenda ni wa 1980. John McBride na wenzake waliwapima watu 15, wa miaka 8 hadi 30, waliotolewa kipande cha pafu wakiwa wachanga. Shida yao ilikuwa ile ambayo hewa huingia kwa sehemu moja ya pafu na haitoki, inavimba mpaka inabana zingine. Jumla ya hewa ambayo mapafu yao yangeweza kubeba ilikuwa ya kawaida. Wote! Pafu lililobaki lilikuwa limejaza nafasi. Lakini walipopuliza, hewa ilitoka polepole kuliko inavyotakiwa.

Sababu moja ni hii. Mtoto huzaliwa na vifuko vya hewa makumi ya milioni, na vinaongezeka mpaka mamia ya milioni akiendelea kukua. Mirija ya hewa ni tofauti. Matawi yake hukamilika mimba ikiwa bado haijafika nusu. Baada ya kuzaliwa inarefuka na kupanuka, lakini matawi mapya hayaoti. Ni kama nyumba inayoongezwa vyumba huku korido zikibaki zilezile.

Hapo ndipo madaktari wanavutana hadi leo, hasa kwa mtoto ambaye kasoro imeonekana kwa picha ya mimba na amezaliwa bila dalili yoyote. Wengine wanasema mpasue mapema, vifuko vipate muda wa kuota. Wengine wanasema ngoja, mbona umkate mtoto anayecheza vizuri?

Binamu yangu alipumua vibaya tangu siku ya kwanza, kwa hivyo kwake hakukuwa na kungoja. Nimemwambia shangazi ampeleke akapimwe kwa spiromita, arudi shuleni na karatasi yenye namba. Mwalimu akitaka kumkataza tena, aisome kwanza.