Redio Kaseti ya Bibi: Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?



Harusi ikikaribia, vyumba husafishwa na vya zamani hutolewa nje. Huku kwetu Kiembe Samaki, kitu kinachozusha ubishi ni redio kaseti ya bibi: ipelekwe kwa fundi, au itupwe bibi harusi anunuliwe spika mpya?

Unguja imeshaliona swali hili zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Sauti yake ikarudi kwenye santuri, kila upande dakika kama 3 tu. Gramafoni ya kubebeka haikuhitaji umeme; unaizungusha mkono, unabadilisha sindano, inaimba. Springi ikikatika, fundi anatia nyingine.

Mwaka 1963 Philips ikatoa kaseti. Kanda ya dakika 60 ilichukua dakika 30 kila upande, na mtu aliweza kurekodi mwenyewe nyumbani. Santuri ilituletea sauti ya Siti. Kaseti ikatuwekea sauti za mama zetu: maulidi, mawaidha, nyimbo za harusini, hata salamu za jamaa walioko Oman.

Jibu limo humo. Spika ipo dukani, kanda ile haipo. Sauti ikiburura, mara nyingi mpira wa ndani umelegea. Ikififia, huenda hedi imechafuka, na pamba yenye spiriti hutosha. Hayo yatengenezwe. Mota ikiungua na kipuri hakipatikani, kununua nyingine si israfu. Israfu ni kutupa kinachotengenezeka kwa sababu tu kimezeeka. Na kipya nacho huzeeka: iPod ilitoka 2001, na mwaka 2022 Apple ikatangaza kuacha kuiuza.

Lakini mashine ikifa, kanda isitupwe. Azimeni redio nzima kwa jirani, hamishieni sauti kwenye simu, wekeni nakala mbili. Kumbukeni pia kuwa sauti ni amana: msiirushe kwenye magrupu bila idhini ya mwenyewe au watu wake.

Fanyeni mapema, bibi akiwa bado yupo wa kuwaambia anayeimba ni nani, na harusi ile ilikuwa ya nani.