Mambo ya Wanawake

Wanaume wa Singida, Wanyaturu kwa Wanyiramba, tuna jibu moja ambalo tumelitumia kwa miaka mingi kila linapotajwa suala la haki za akina mama. Tunasema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Jibu hilo lina sura ya adabu. Linadokeza kwamba mwanamume muungwana haingilii yasiyomhusu, na anayelitoa huonekana mtu mwenye heshima zake. Lakini tukifuatilia historia ya mkoa wetu tutaona kwamba jibu hilo hilo limetuweka nje ya mazungumzo huku likituacha ndani kabisa ya uamuzi, na kwamba mara chache tulipoamua kuzungumza, tulizungumza kwa namna ya kutoa amri.

Tuanze na shamba, kwa kuwa huko ndiko mambo yote yalikoanzia. Mwaka 1959 na 1960 Mmarekani mmoja, Harold Schneider, alikaa miongoni mwa Wahi, moja ya makundi ya Wanyaturu, na mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa juu ya uchumi wao. Aliyoyaona hayakuwa mageni kwa mwenyeji, ila aliyapanga vizuri. Mke analima mtama na uwele katika shamba lililorutubishwa kwa samadi ya zizi. Nafaka ikizidi mahitaji ya chakula, hubadilishwa kwa mifugo, hasa pale jirani anapokuwa na upungufu. Mifugo ikiongezeka hutolewa mahari ya mke mwingine, na mke huyo naye huja na mikono miwili ya kulima. Nafaka huzaa ng'ombe, ng'ombe huzaa ndoa, ndoa huzaa nafaka. Schneider aliwasifu Wanyaturu kuwa ni watu wa hesabu na biashara, wala hakukosea. Ninachokiona mimi ni kwamba mzunguko huo ulianzia mgongoni mwa mwanamke aliyeinama na jembe, na kila ulipofika kwenye zizi ulibadilika ukawa mali ya mwanamume. Mtama ulikuwa "wa nyumba" ya mama fulani. Ng'ombe alikuwa wa baba. Nani angethubutu kusema kwamba ng'ombe yule aliwahi kuwa mtama?

Hata hivyo tusidhani kwamba mwanamke wa Kinyaturu alikuwa hana pa kusimama. Kulikuwa na imaa, mila ya siri ya wanawake, ambayo mwanamume hakuruhusiwa kuikaribia wala kuiuliza. Marguerite Jellicoe, aliyeandika juu ya Wahi katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, aliipa mila hiyo uzito unaostahili. Kwa hiyo maneno "mambo ya wanawake" hayakuwa ya uongo tangu mwanzo. Kulikuwa kweli na uwanja ambamo wanawake walikuwa na mamlaka yao, na mwanamume alikaa mbali kwa kuogopa na kwa kuheshimu. Kasoro ilikuja pale tulipoyachukua maneno hayo na kuyafunikia mambo ambayo hayakuwa ya wanawake peke yao hata kidogo.

Na kumbukumbu ya mkoa haikukosa wanawake wenye sauti. Liti Kidanka anasimuliwa hadi leo kama mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na simulizi husema aliwapelekea nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini uliokuwa ukiitwa Namfua sasa una jina lake. Kila mechi wanaume kwa mamia huenda "Liti", wakalitamka jina la mwanamke bila kusita. Sijui ni wangapi kati yao ambao wangekubali kukaa baraza moja naye.

Sasa tumgeukie mwanamume aliyezungumza. Mwaka 1944, akiwa mwanafunzi Makerere, Julius Nyerere aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia hoja za Mwingereza John Stuart Mill kupima hali ya wanawake wa Wazanaki. Hakuwa na haja ya kutafuta mifano mbali: baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, alikubali waziwazi kwamba jamii ya jadi aliyokuwa akiisifu ilikuwa na kasoro, na kwamba wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki. Kwa mkuu wa nchi kusema hivyo wakati ule si jambo dogo. Nafikiri ndiyo sehemu iliyosahauliwa upesi zaidi ya andiko lile. Ujamaa ulipofika vijijini kwetu tulihamishwa, tukapangwa kwa mistari, tukagawiwa mashamba. Kazi ya mwanamke ilibaki ilivyokuwa, ikaongezewa na mwendo mrefu zaidi wa kuni.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Iliandikwa na kupitishwa na Bunge lililojaa wanaume, na kwa wakati wake ilikuwa ya ujasiri: ilikataza mume au mke kumpiga mwenzake, na ikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja ndoa inapovunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi ya nyumbani ya mke nayo ni mchango katika kuchuma mali. Msomaji wa Singida aipime hukumu hiyo kwa mtama na ng'ombe tuliowataja. Ilikuwa ni kusema, kwa lugha ya mahakama, kwamba ng'ombe yule aliwahi kuwa mtama. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 na mvulana asubiri hadi 18. Mahakama Kuu ilivitengua vifungu hivyo mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019 na kuipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kipimo halisi cha sisi wanaume wa mkoa huu, nalo ni ukeketaji.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viongozi wa serikali na chama walianza kuipiga vita desturi hiyo hadharani. Walikuwa karibu wote wanaume. Walikuja na gari, wakaitisha mkutano, wakatangaza, wakaondoka. Haukupita muda mrefu, vijiji vya Singida na Dodoma vikajaa habari za ugonjwa wa watoto wa kike ulioitwa lawalawa. Mtoto alikuwa na muwasho na maambukizo sehemu za siri, maradhi ambayo zahanati inaweza kuyatibu kwa dawa za kawaida. Lakini watu walielezana kwamba mizimu imekasirika kwa kuachwa mila, na kwamba dawa yake ni kukata. Hivyo jambo lililokuwa mila likageuka tiba, na mama aliyempeleka mtoto kwa ngariba akawa, machoni pake mwenyewe, mama anayemwokoa mwanawe. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ikaweka kifungo cha miaka mitano hadi 15 kwa anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18. Wengi wakaitikia kwa kuwakata watoto wachanga. Msichana wa miaka kumi anaweza kukimbia, au kumwambia mwalimu wake. Mtoto wa mwezi mmoja hana wa kumwambia.

Tutazame takwimu za utafiti wa taifa wa afya ya uzazi. Mwaka 2004-05 wanawake wapatao 43 katika kila 100 mkoani Singida walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2010, miaka 12 baada ya sheria, walifikia 51. Mwaka 2015-16 walikuwa 31, na mwaka 2022 wakawa 20, wakati wastani wa taifa ulikuwa 8. Tarakimu hizo hutegemea majibu ya wenye kuulizwa, na katika jambo la siri majibu hayanyooki daima; lakini kushuka kwa namna hiyo ni kitu cha kweli, na sidhani kimeletwa na hofu ya jela peke yake. Kimeletwa na shule, na zahanati, na makanisa na misikiti, na wanawake waliokataa kimyakimya kuwapeleka binti zao, na wanaume waliowaunga mkono.

Wanaume walikuwa wapi muda wote huo? Ukimwuliza baba, atakwambia hakujua. Anasema kweli, kwa kiasi fulani. Kazi ilifanywa na bibi, alfajiri, mlango umefungwa. Lakini baba huyo huyo ndiye angepokea mahari. Kijana wake ndiye aliyekuwa akichumbia, na ni yeye na wazee wenzake waliokuwa wakiuliza kama msichana "amefundwa". Bibi aliyeshika wembe alikuwa akijibu swali lililoulizwa na wanaume. Aliogopa mjukuu wake asije kukosa mume, na katika uchumi wa mtama na ng'ombe kukosa mume kulikuwa ni kukosa shamba. Kwa hiyo kumfunga ngariba na kumwacha muulizaji wa swali akinywa pombe yake kilabuni ni kazi nusu.

Kuna wanawake, nao wana sababu, wasiopenda kabisa sisi tujiingize katika mazungumzo haya. Wanasema mwanamume akipewa nafasi katika mkutano wa usawa atachukua kipaza sauti na hatakirudisha. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo na siwezi kuwakanusha. Lakini mwanamume hana haja ya kipaza sauti ili afanye sehemu yake katika jambo hili. Akisema mbele ya wazee wenzake, siku ya kupanga posa, kwamba mwanawe ataoa msichana asiyekatwa na mahari itabaki ile ile, atakuwa amelijibu swali pale pale lilipokuwa likiulizwa, na hakuna mwanamke anayeweza kulijibu kwa niaba yake, kwa sababu kwenye kikao kile mara nyingi hayupo.

Ardhi nayo ina hadithi ya jinsi hiyo. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, na ikaagiza kwamba katika baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wawe wanawake. Siku hizi ekari zilizokuwa za mtama nyingi zimepandwa alizeti, na mafuta yake yanauzwa kwenye chupa kando ya barabara kuu, wauzaji wengi wakiwa akina mama. Alizeti haipiti zizini. Inakwenda moja kwa moja kuwa fedha, na mume na mke wanaijua bei. Kijiji kikipimwa, karani anakuja na fomu ya hakimiliki ya kimila, anaandika jina la mume, kisha anainua kichwa na kumwuliza kama kuna jina jingine la kuongeza.