Oili Chini ya Triumph

Mwaka 1937 kiwanda cha Triumph cha Uingereza kilitoa Speed Twin, pikipiki ya silinda mbili iliyobuniwa na Edward Turner. Ilikuwa nyepesi, yenye kasi, na viwanda vingine vikaiga mpangilio wake. Vikairithi na kero yake: kuvuja oili.

Chanzo kilikuwa kwenye umbo lenyewe. Pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, hivyo kila zinaposhuka hubana hewa iliyo ndani ya kasha la injini. Tundu la kupumulia likizidiwa, hewa hiyo husukuma oili kwenye kila mwanya. Kasha nalo liliunganishwa kwa vipande viwili, kushoto na kulia, na maungio yakapita hadi chini kabisa, mahali oili inapotuama.

Mafundi wengi walikimbilia kukaza nati. Kwa kweli hilo huharibu zaidi, kwa kuwa alumini hupinda. Fundi makini hufungua, husugua uso wa kifuniko kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka unyooke, husafisha tundu la kupumulia, kisha hubadilisha sili za mpira. Gasketi ya shaba huipasha moto hadi iwe nyekundu na kuipoza ili ilainike na kukaa vizuri tena.

Mwaka 1969 Honda ya Japani ilileta CB750, yenye kasha lililogawanywa kwa mlalo, juu na chini. Maungio yakawa juu ya oili iliyotuama. Wanunuzi wakaona pikipiki inayolala sebuleni bila kuchafua sakafu.