Simu ya Upepo Katika Mji wa Shaba

Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, ulianzishwa 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini iliifikia shaba ya Katanga. Mwaka uliofuata, Mbelgiji Robert Goldschmidt na mhandisi wake Raymond Braillard walianza kujenga mlolongo wa vituo vya simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya: kutoka Banana na Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, kupitia Kindu na Kongolo, hadi mji huo mchanga.

Adui yao mkubwa alikuwa radi. Katanga mvua hunyesha tangu Novemba hivi hadi Machi, na kila umeme unapopiga, redio hukwaruza. Vitone na vistari vya telegrafu vilizama humo. Mafundi wa zama hizo walitengeneza mitambo ya cheche yenye mlio kama wa filimbi, ili sikio liutofautishe na ngurumo. Radi ilipozidi, mpiga telegrafu alirudia neno, akapunguza mwendo, au akangoja asubuhi hewa itulie.

Busara hiyohiyo ya kuifuata hewa ilirudi miaka ya 1990. Simu za serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilikuwa zimeharibika, na simu za mkononi za Telecel, kampuni iliyoanzishwa 1986 na Miko Rwayitare, zilikuwa za matajiri. Raia wa kawaida alikwenda kwa mwenye fonii, redio ya kuzungumza na watu wa mbali, azungumze na ndugu zake wa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pale. Mawimbi ya fonii hurukia tabaka la juu la anga ndipo yarudi ardhini, na tabaka hilo hubadilika kwa jua. Mchana masafa ya chini humezwa njiani; usiku yale ya juu hupenya na kupotelea angani. Kwa hiyo mwenye fonii alihama masafa jua lilipozama, na alijua kwa kusikiliza tu kama njia imefunguka. Huo ulikuwa ujuzi kamili, ingawa wengi waliuona kama kazi ya kubonyeza vitufe.

Kampuni ya simu za mkononi ya Celtel ilipoingia nchini mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, kazi hiyo ya kuisikiliza hewa ilihamia ndani ya simu yenyewe. Simu ya abiria wa lori liendalo mpakani Kasumbalesa hupima mawimbi na kuujulisha mnara takribani mara 2 kila sekunde. Mnara huamuru nguvu iongezwe au ipunguzwe, au humkabidhi abiria kwa mnara wa mbele. Katika 4G, iliyofika Kongo 2018, alama moja ya redio huweza kubeba biti 6 hewa ikiwa safi, na 2 tu inapochafuka.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi umefanya kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za wenyeji. Wenye fonii nao wanastahili kuhojiwa, na wahojiwe sasa, wakiwa bado hai.