Nyumba ni ya Nani? Mama katika Fasihi na Filamu za Kiswahili

Waliosoma riwaya ya Rosa Mistika kwa ajili ya mtihani wanalijua swali la malezi. Rosa, binti wa Ukerewe, anachungwa na baba yake kupita kiasi, anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, anapelekwa shule ya wasichana, na akishatoka machoni pa baba hajui namna ya kujilinda. Mwisho anajiua. Jibu linalotarajiwa ni kwamba wazazi wote wawili walikosea: Zakaria kwa ukali na ulevi, Regina kwa upole. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni ya haki. Nusu ya pili inamwonea mama. Regina anapigwa ndani ya nyumba anayoihudumia, analea msururu wa mabinti huku mume akinywa, na hakuna mahali katika riwaya nzima ambapo neno lake lina nguvu ya kuamua jambo. Kumwita mpole ni kuichukua hali aliyowekwa na kuifanya tabia yake. Naamini kosa hili limejirudia katika usomaji wetu wa kazi nyingi za Kiswahili. Historia ya mama katika fasihi na filamu zetu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali moja tunalolipita haraka: nyumba ni ya nani?

Swali hilo ni la zamani kuliko riwaya. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913, kutokana na masimulizi ya kale ya pwani ya kaskazini ya Kenya, mama ndiye anayemtoa mwanawe gerezani. Anapika vyakula vizuri pamoja na mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani ya huo wa wishwa, na kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanakula vizuri na kumwachia mfungwa ule usiotamanika. Ni akili ya mtu anayejua kwamba hawezi kuamuru mlango ufunguliwe, kwa hiyo anapitisha tupa kwenye ulafi wa wenye funguo. Baadaye Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, naye anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, hata watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Wanamwendea nani? Mama. Anakwenda kumbembeleza mwanawe kwa nyimbo, siku baada ya siku, mpaka mwili unaanguka na watu wanatambua kwamba ni maiti. Mji uliomtega mwanawe unamtumia yeye ili upate maji. Simulizi linamheshimu sana mama huyu, lakini halimpi hata mara moja nafasi ya kuketi pale mambo yanapoamuliwa.

Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 husomwa mara nyingi kama ushahidi wa kinyume. Hapa, husema wapinzani wa mtazamo wangu, mama mwenyewe ana sauti, na sauti hiyo inamfundisha binti yake Mwana Hashima kumtii mume na kumpepea akiwa usingizini, kwa kuwa radhi ya mume ni njia ya peponi. Basi mama si mtu aliyenyimwa nafasi. Ni mlinzi wa utaratibu uleule. Pingamizi hilo lina uzito, na sitaki kuugeuza utendi huo kuwa ilani ya ukombozi. Lakini tukumbuke ulitungwa na nani na katika hali gani. Mumewe, Bwana Mataka, shehe wa Siyu aliyepambana kwa miaka na Sayyid Said wa Zanzibar, alikwishafariki. Mtunzi alikuwa mjane, mgonjwa, na alifariki miaka michache baadaye. Mama anayejua kwamba hatakuwepo, na kwamba usalama wa binti utategemea nia njema ya mwanamume, anamwachia kitu pekee kinachoweza kumsaidia: ujuzi wa kuishi ndani ya nyumba ya mwingine. Uchungu wa utendi huo umo katika ukamilifu wa mafunzo yenyewe.

Mwaka 1971, mwaka uleule Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilisema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na ikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wawili. Kwenye karatasi, Regina alikuwa amepata mtetezi. Ila pembeni yake palikuwepo tamko la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo chini yake mjane hakuwa na fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Waandishi walilisikia pengo hilo kabla ya wanasheria wengi. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, Bwana Maksuudi anamfungia mkewe Bi Tamima ndani ya nyumba. Uchungu wa uzazi unapomshika, binti yake Maimuna anakwenda kumwita mkunga ambaye bwana mwenye nyumba hataki kumwona, na mume anaporudi anajibu kwa kipigo na talaka. Tazama jinsi mwandishi alivyolipanga tukio hilo: saa ileile mwanamke anapofanya kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya, ndipo anapoambiwa atoke. Talaka ya Bi Tamima ndiyo inayofungua njia ya Maimuna kupotea, nasi tumezoea kuusoma upotevu huo kama kisa cha binti asiyesikia.

Miaka miwili baadaye Penina Muhando alilipandisha swali jukwaani. Katika Nguzo Mama wanawake wa kijiji cha Patata, walioitwa kwa namba tu kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa na wanashindwa. Wengi husema wanashindwa kwa sababu ya majungu yao wenyewe, na ni kweli kwamba Muhando hawapambi. Lakini kila mmoja anayeiacha kamba anaitwa na jambo la nyumbani. Yumo hata mjane ambaye ndugu za marehemu wanagawana vitu vyote vya nyumba. Watu hawawezi kusimamisha nguzo ya taifa wakati nyumba zao zinabebwa nyuma ya migongo yao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sidai kwamba majaji walitoka ukumbi wa maonyesho. Nadai kwamba tamthilia na hukumu vilikuwa vikishughulika na ugomvi mmoja.

Mtu anaweza kusema kwamba ninaipunguza fasihi iwe ripoti ya mahakama, na kwamba wapo wanawake waovu katika riwaya hizi ambao hati ya nyumba isingewageuza. Wapo. Bi Farashuu wa Utengano anamsukuma Maimuna kwenye maangamizi kwa makusudi. Hata hivyo kisasi chake kina mizizi katika dhuluma ambayo Maksuudi aliitendea familia yake. Uovu wake mwandishi ameupa historia, wala hakuuacha uelee. Kesi ngumu zaidi ni Naomi wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei ya mwaka 2014. Naomi anamwacha mume na watoto, na wasomaji wengi nchini Kenya hawajamsamehe. Mimi pia sioni namna ya kumtoa lawamani kabisa, kwa kuwa binti yake Umu na ndugu zake wanalipa gharama kubwa mno mikononi mwa kijakazi Sauna. Lakini anaondoka lini? Baada ya mumewe Lunga kupoteza kazi na familia kuhamishwa kutoka Msitu wa Mamba. Matei angeweza kumwondosha wakati wa neema. Akachagua wakati ardhi imeponyoka. Kumlaumu Naomi bila kuutaja uhamisho huo ni kusoma nusu ya sura.

Filamu zimechelewa kulifikia jambo hili, na nyingi za Bongo Movie zilikwenda njia rahisi zaidi: mama mkwe mwenye sumu, mama wa kambo mchawi. Ni visa vinavyouzika, na sikatai kwamba chuki za aina hiyo zipo. Ila kamera ina uwezo ambao riwaya haina: inaweza kutuonyesha chumba na mtu aliyesimama mlangoni, bila kusema lolote. Seko Shamte aliutumia uwezo huo mwaka 2021 katika Binti, ambamo hadithi nne za wanawake wa Dar es Salaam zinabeba deni, kipigo na mateso ya uzazi na ulezi. Kazi inayonigusa zaidi ni ya Likarion Wainaina, Supa Modo ya mwaka 2018. Kathryn ni mkunga. Anawazalisha wenzake huku binti yake Jo akikaribia kufa. Anamtoa hospitali na kumleta nyumbani, kisha anataka kumfungia ndani ili asiumie, hali kijiji na dada yake wanataka atoke awe shujaa wa filamu yao. Kwa mara hii moja mama ndiye mwenye mlango. Anaukosea, anaogopa, na hatimaye anaufungua. Kosa lake linamfanya awe mtu kamili, kwa sababu safari hii ni kosa la mwenye uamuzi.

Wapo watakaosema mambo yamebadilika. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 ziliwapa wanawake haki sawa ya kumiliki, na kinamama wengi wa leo wamejenga kwa jasho lao. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliotolewa katika nyumba za ndoa zao na wakwe, wakiwa na watoto. Mjane wa Patata alikuwa amelilia jambo hilo miaka 33 kabla.

Kinachokosekana bado ni mama mwenye chake anayebaki hai katikati ya hadithi. Ken Walibora alikaribia mwaka 1996 katika Siku Njema: Zainabu Makame ni mwimbaji wa taarab wa Tanga, ana jina na kipato, na analea mwanawe bila mume. Lakini anafariki mapema, na riwaya inageuka kuwa safari ya Kongowea kumtafuta baba. Ningependa kumwona mwandishi akimwacha Zainabu aishi, azeeke ndani ya nyumba aliyoijenga, agombane na mwanawe kuhusu urithi wake na ashinde au ashindwe kwa mkono wake.